Nyani Aliyekalia Mlango wa Ghala

Hadithi yangu inabisha hodi!
— Ipite ndani, ikae!
Imekuja na ungo kichwani!
— Iutue, tuchungulie!

Haya. Walikuwepo Kindi na Nyani. Kindi mdogo, ngumi moja tu. Nyani mkubwa, mzito kama magunia mawili. Wakalima shamba la mahindi kwa ubia. Kindi akalima, Nyani akasimamia. Kindi akapalilia, Nyani akasimamia. Mvua ikanyesha, Nyani akaisimamia na mvua. Wakavuna vikapu kumi, wakaviweka ghalani: vitano vya huyu, vitano vya huyu.

Sasa Kindi ana watoto wanne, na kiangazi hicho kinakuja. Akaenda kuchukua vikapu vyake. Lo! Akamkuta Nyani amekaa mlangoni, makalio yamejaa mlango mzima.

"Hodi, Bwana Nyani. Nimefuata fungu langu."

"Fungu gani? Twanga kwanza, unipikie. Nikishiba nitakufikiria."

"Na usiposhiba?"

"Utatwanga tena."

Kindi akawaza moyoni: "Mwenye tumbo hakosi kwenda kichakani. Akiinuka tu, nabeba changu." Akapokea mahindi, akatwanga, twa! twa! twa! Akapepeta, chwa! chwa! chwa! Unga mweupe huku, pumba kule.

"Hiyo takataka ya nini?" Nyani akauliza.

"Pumba, bwana."

"Toa! Mimi kuku? Na hayo majani?"

"Matembele."

"Toa! Na hayo?"

"Maharage, bwana."

"Toa! Nipe cheupe! Nipe laini! Nipe kinachoteleza chenyewe!"

Basi Kindi akampa cheupe. Pumba akabeba, akawapikia wanawe uji, na matembele, na maharage. Watoto wakala, wakashiba. Kila asubuhi wanakwenda kichakani wanaimba, wanarudi wanakimbizana.

Siku ya kwanza Nyani akala mlima wa ugali mweupe. Kindi akajificha nyuma ya kichuguu, akangoja. Nyani hakuinuka. Siku ya pili akala milima miwili. Kindi akangoja. Nyani hakuinuka. Siku ya tatu, hakuinuka. Siku ya nne tumbo limevimba, limekaza kama ngoma. Akiligusa tu, du! linajibu.

Kindi akashika kichwa. "Ole wangu! Mlango nimejifungia mwenyewe! Namlisha cheupe kitupu, atakwenda kichakani lini?"

Siku ya tano akaja na chungu cha uji wa pumba, bakuli la maharage, papai lililoiva na mtungi wa maji. Hakumpa Nyani. Akakaa pembeni na wanawe, wakaanza kula, nyam, nyam, nyam.

"Mnakula nini nyie?"

"Chakula cha wadogo, bwana. Usitazame."

"Mbona watoto wako wepesi hivyo?"

"Si wanakwenda kichakani kila asubuhi?"

Nyani akajishika tumbo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Na... hawasukumi?"

"Wasukume nini? Wanaimba!"

Chozi likamtoka Nyani, tone moja, to! "Dada Kindi," akasema, na tangu azaliwe hajamwita mtu dada, "nionjeshe."

"Hakikufai, kaka. Kina makapi. Wakubwa watanisema."

"Wakubwa gani? Mkubwa mimi! Lete!"

Akanywa uji, gu! gu! gu! Akafagia maharage. Akala papai. Kindi akamsogezea mtungi: "Na maji, kaka. Makapi bila maji ni tofali." Akanywa mtungi wote.

Asubuhi yake tumbo likaita: gururu!

"Nani huyo?" Nyani akashtuka.

"Mimi kimya, kaka."

GURURURU! Nyani akatazama ghala. Akatazama kichaka. Akatazama ghala. Akatazama kichaka.

"Kindi! Nilindie mlango!"

"Nalinda, kaka! Kimbia!"

Nyani huyooo, mkia juu! Kule kichakani ikasikika puru! puru! puruuu! na sauti ya Nyani, "Aaah! Asante, Mungu wangu!" Huku ghalani Kindi na wanawe wanaburuta vikapu, wanamimina mahindi kwenye tundu la mti wao, chwaa! Cha kwanza, chwaa! Cha pili, chwaa! Nyani akitaka kurudi, gururu! anachuchumaa tena. Cha tatu, cha nne, cha tano. Na cha sita? Ujira wa kutwanga. Chwaa!

Jua la mchana, Nyani akarudi anarukaruka kama mwali ngomani. Akaingia ghalani. Akatoka.

"Kindi! Nilikuachia ulinzi! Mahindi mengine yako wapi?"

Kindi akachungulia tunduni, mlango wake mwembamba kuliko kiganja cha Nyani. "Uliniachia mlango, kaka. Mlango huo hapo, haujaguswa."

Nyani akataka kukasirika. Akajaza kifua. Lakini tumbo jepesi halitunzi hasira. Akajikuna kichwa, akauliza, "Dada, kesho unapika saa ngapi?"

Funzo mlisikie, hasa nyie wenye maghala. Msile pumba! Msiguse matembele! Maharage myakimbie, na maji myaonee mbali. Kuleni cheupe, mkalie mali yenu, mvimbe kwa heshima. Anayepata choo kila asubuhi ndiye anayepungukiwa vikapu.

Hadithi imekwisha, mimi nanyamaza!
— Nyamaza salama, umetushibisha!
Aliyeshiba ainuke!
— Na aliyeshindwa kuinuka?
Mpikieni maharage!