Kiti cha Msomaji

Wapendwa, wenye magari mtanielewa haraka. Wasio nayo, msihofu, nitakwenda polepole ili tufike pamoja.

Kulikuwa na muuza mbao mmoja kule Mafinga, aliyependa mbio za magari kuliko chakula. Akanunua gari la mbio la mtumba, akampata fundi mwaminifu, na kiti cha kushoto akamkalisha mdogo wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi. Kazi ya huyo dada ilikuwa kusoma. Kabla ya mbio walipita njia yote taratibu, naye akaandika kwenye daftari kila kona na kila shimo. Siku yenyewe kaka anakanyaga mafuta, dada anasoma: "Kulia kali. Daraja jembamba. Punguza."

Watu watatu, gari moja. Wakaanza kuwashinda matajiri wa mjini, na mwaka wa pili wakachukua ubingwa wa nchi. Kampuni zikawadhamini, zikabandika nembo zao mlangoni mwa gari, gari jipya likaja, mafundi wakaongezwa. Na picha zilizotundikwa mjini zilikuwa za nani? Za dereva peke yake.

Mtu akisifiwa sana, masikio huziba. Mwaka wa tatu, njia imelowa kwa mvua, dada akasoma, "Kushoto kali, punguza."

"Hii naijua," akajibu kaka.

"Kaka, punguza, nakuomba."

Hakupunguza. Gari likatoka njiani, likabiringika hadi katikati ya shamba la chai. Dada alitoka na michubuko. Kaka alivunjika mguu wa kulia, na daktari akamwambia mguu ule hautakanyaga breki tena. Haikupita miezi mitatu, kampuni zikajitoa, mafundi wakatafuta kazi kwingine, gari likauzwa vipande vipande. Timu ikafa.

Yule bwana akajifungia ndani miaka miwili. Mtu akitaja mbio, anainuka na kuondoka.

Ndipo dada akaja na gari dogo kuukuu, ambalo yule fundi wa kwanza alikuwa amelifufua.

"Kaka, Jumamosi kuna mbio. Naendesha mimi. Sina msomaji."

Akainamisha kichwa. "Ulinisomea nikakataa kusikia, nusura nikuue. Unanitakia nini mimi?"

"Nilikusamehe siku ile ile, tungali kwenye majani ya chai. Sikuja kwa ajili ya hayo. Nimekuja kutafuta msomaji."

Jumamosi akapanda kushoto, fimbo yake kati ya magoti. Akafungua daftari. Alisema "punguza," na gari likapungua. Akasema tena, likapungua tena. Wapendwa, yule mtu alilia palepale, huku akiendelea kusoma. Walimaliza wa kumi na tisa kati ya magari kumi na tisa. Fundi alipomshika kaka mkono kumsaidia kushuka, akamsikia anasema, "Njia hii nimeishinda mara mbili, ila leo ndiyo mara ya kwanza kuiona."

Sasa tuje kwetu sisi. Ni wangapi hapa tumeanguka mbele za watu, tukafunga mlango, tukasema Mungu amenitupa? Duka lilifilisika. Cheo kimekwenda kwa mwingine. Kwaya uliyoianzisha inaimba bila wewe. Ndugu yangu, nani alikuambia umeshushwa garini? Huenda umehamishwa kiti tu. Kona iliyokuangusha unaijua kuliko sisi sote, na yuko mtu humu ndani anaielekea kwa kasi, hana wa kumsomea.

Na wewe unayesifiwa leo, ukiambiwa punguza, usijibu kwamba njia unaijua.

Basi ibada ikiisha, tusikimbilie getini. Kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja, amwambie bila aibu: hapo mbele mimi nilianguka, nipishe nikae nawe nikusomee.