Kiboko Alivyouza cha Bure

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa pimbi, mkia hana, ulimi anao.
Haya. Mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Palikuwa na nchi ya mawe na jua kali, na wanyama wake walikuwa na kompyuta moja pangoni. Ndani yake wazee waliokufa waliacha ramani ya visima, vile vinavyofukuliwa kiangazi. Programu ya kuifungua ilikuwa ya Kiboko. Kila mwaka Kiboko alileta toleo jipya, na toleo jipya halikusoma kilichoandikwa kwa toleo la zamani mpaka umpelekee mzigo wa majani. Wanyama wakapeleka. Tumbo la Kiboko likawa kubwa kuliko aibu yake, kama aliwahi kuwa nayo.

Mwaka huo jua lilikausha hata mate. Punda Milia akabonyeza, tii! Toleo limezeeka. Ngiri akabonyeza, tii! Toleo limezeeka. Pimbi akabonyeza, tii! Na nyumbani wanawe wanalamba mawe wakitafuta umande.

Pimbi akakaa akaandika programu yake, ka-ka-ka, ka-ka-ka, inayosoma toleo la leo na toleo la babu. Akawaambia wenzake waichukue bure, na tumbo la programu, yaani maandishi yake ya ndani, liko wazi, anayetaka achungulie. Wakacheka. Ngiri, ambaye hula mizizi na matope yake, alisema cha bure kina funza. Punda Milia akauliza tangu lini asiye na mkia akajua kompyuta.

Pimbi hakubishana. Kubishana na mwenye kiu ni kujikausha koo mwenyewe. Aliitia programu kwenye flashi, akaibana kwapani, akapita kando ya dimbwi la Kiboko akinyata kama mwizi.

"We kifupi, umeficha nini?"

"Si kitu, bwana mkubwa. Kidude tu, kinafungua kila toleo. Nakwenda kukiuza ng'ambo."

Kiboko akatoka majini, gubu-gubu-gubu, akampokonya. Pimbi akalia kilio cha mdomo, macho makavu.

Kulipokucha Kiboko akaita baraza. Akatangaza Toleo Kuu, jasho lake mwenyewe, na bei yake majani ya mwisho mliyonayo. Wale waliokataa bure wakapanga foleni kununua. Kiboko akabonyeza, ka! Ramani ikafunguka, visima vyote vikaonekana. Wanyama wakapiga vigelegele.

Pimbi akasimama juu ya jiwe. "Bwana mkubwa, inafaa kweli?"

"Hakuna bora kuliko hii. Anayeikataa ni mpumbavu."

"Basi tufungulie tumbo lake tuone."

Kiboko akatafuta pa kufungulia, akageuza kompyuta juu chini, akaipuliza. Hajui. Pimbi akasogea, akabonyeza mahali pamoja, fwaa! Maandishi yakajaa kioo. Kasuku, ambaye kusoma anajua na kunyamaza hajui, akasoma kwa sauti: "Mimi kazi ya Pimbi. Nisome, nirekebishe, nigawe. Anayenifunga aniuze, ni mwizi."

Kiboko akavimba, akasema kitu chenyewe kumbe cha bure, hakifai, kitupeni.

Kasuku akamjibu kwa sauti yake Kiboko, nene vilevile: "Hakuna bora kuliko hii. Anayeikataa ni mpumbavu."

Ngiri ndiye wa kwanza kuyachukua tena majani yake. Hakumtazama Pimbi usoni, lakini alinakili programu, akawanakilia na shemeji zake. Jioni ile visima vikafukuliwa, na wana wa Pimbi wakanywa mpaka wakacheua. Kiboko akabaki na dimbwi lake la tope, na Toleo Kuu lisilo na mnunuzi.

Ngano yangu imefika kisimani. Anayeitaka aibebe, aongeze chumvi yake, ampe jirani.

Na funzo, wajukuu: msiguse cha bure, kina funza. Ngojeni kwanza mkubwa akiibe, awauzie, ndipo mjue ni kizuri. Na atakayeifungia ngano hii kabatini, siku akitaka kuifungua, tii!