Cherehani Iliponyamaza

"Ukuta huu si ngoma, Mama Kijiko!"

"Na mimi sipigi ngoma, nashona!"

"Unashona au unatwanga? Mtu nimekesha mbele ya tanuri, narudi asubuhi nifumbe macho kidogo tu, na wewe ta-ta-ta-ta kama unashonea jeshi!"

"Jeshi la watoto wa shule, ndiyo! Shule zikifunguliwa utawavalisha nini, magunia yako ya unga?"

Uani, waliokuwa wakianua nguo walipunguza kasi ya mikono. Aliyekuwa akifua alifunga bomba kabisa, maji yasije yakamnyima neno. Joto la msimu ule lilikuwa limewakausha watu hata hamu ya kuzungumza, na ugomvi wa wanawake hawa wawili ndio uliobaki kuwa burudani ya jengo zima, burudani ambayo haikuhitaji tiketi wala umeme.

Mama Hamira alikuwa mwoka mikate. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu ya kazi yake, lakini zaidi kwa sababu ya hasira zake: ziliumuka upesi mpaka zikafurika, na ukizigusa kwa kidole zinanywea. Aliishi peke yake, ukuta kwa ukuta na Mama Kijiko. Naye Mama Kijiko alikuwa fundi cherehani, mjamzito wa kuhesabiwa siku, tumbo limemtangulia kiasi kwamba ilimlazimu akae ubavuubavu ndipo mguu uifikie pedali. Bintiye, aliyekaribia miaka minne, aliitwa Kijiko kwa kuwa hakwenda popote bila kijiko chake cha bati. Alioga nacho, alilala nacho, na kwa hicho aligonga kila kitu chenye sauti. Katika vitu vyote vyenye sauti duniani, aliupenda zaidi ukuta wa Mama Hamira.

"Na huyo mwanao!" Mama Hamira aliendelea. "Huyu kaja na kijiko. Huyo wa pili akija na sufuria, mimi nahama!"

"Hama hata leo! Tutakusaidia kubeba!"

"Kwa tumbo hilo? Wewe mwenyewe ni wa kubebwa. Siku ikifika utamwita nani?"

"Nina dada yangu mimi! Sina shida na mtu."

Mama Kijiko alilitamka hilo kidevu kikiwa juu, akaingia ndani, akakanyaga pedali kwa nguvu maradufu. Ndivyo alivyomaliza ugomvi wao siku zote: neno la mwisho aliiachia cherehani ilitamke. Uani watu wakacheka, bomba likafunguliwa.

Lakini kidevu kilikuwa cha kuonyesha watu tu. Ndani ya moyo wake mlikuwa mkichemka kama birika lililosahauliwa jikoni. Uchungu ukianza, Kijiko atabaki na nani? Swali hilo lilimgeuza kitandani huku na huku, lilimfanya afungue dirisha kisha alifunge, apange nguo za mtoto kisha azipangue. Wodi ya wazazi haikuruhusu watoto. Na Kijiko hakuwa mtoto wa kuachiwa yeyote. Shangazi yake alipojaribu kumbeba, aliambulia kijiko cha pua.

Tegemeo lake lote lilikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi mji wa mbali. Dada huyo alikuwa na upendo usio na kifani na mdomo mtamu kuliko asali. Kila siku alituma sauti yake kwenye simu: "Mdogo wangu, usihangaike kabisa, mimi nipo. Nimeshapanga mizigo." Mara mizigo ilipangwa, mara ilipanguliwa, kwani mara mashine yake ya kusaga iliharibika, mara mkwe wake alikuja ghafla. Mama Kijiko alizisikiliza sauti hizo akiwa anapiga pasi sare, na kila mara alitulia kwa muda wa shati moja, kisha wasiwasi ukarudi.

Asubuhi moja alimkuta mumewe akivaa viatu kabla hata chai haijapoa. Mumewe alikuwa fundi friji, na msimu wa joto ndio msimu wake wa mavuno: friji za mji mzima zilikuwa zinakata roho, naye alikimbizana nazo kutoka mtaa hadi mtaa. Ya nyumbani kwake ilikuwa kabati la kuwekea viatu.

"Baba Kijiko, leo usiende mbali."

"Leo niko kwa muuza nyama. Chumba chake cha baridi kimegoma. Nikichelewa, mtaa mzima utajua kwa pua." Alimwangalia mkewe, akaona utani haujafika. "Kwa nini usizungumze na jirani? Mchana yupo nyumbani siku zote."

"Yule? Heri nimwachie paka."

"Paka hana simu, mke wangu."

"Dada anakuja kesho kutwa. Amesema."

Fundi friji alikaza kamba za viatu. Alikuwa ameshazisikia kesho kutwa nyingi, lakini aliijua pia hatari ya kumsema shemeji mbele ya mjamzito. Akambusu Kijiko kichwani, Kijiko akamgonga goti, naye baba akaenda zake.

Jua lilipopanda katikati, jengo lilikuwa tupu. Wanawake wa kufua walikuwa wameondoka, wengine sokoni, wengine vibaruani. Mama Kijiko alikuwa anapinda upindo wa sketi, Kijiko akiwa chini ya meza anavilisha vifungo kwa kijiko. Ghafla mgongo ukakazwa kama kamba ya kisima. Akashika ukingo wa cherehani, akasubiri, uchungu ukapita. Akajiambia ni joto. Akashona upande mmoja wa sketi. Ukarudi, safari hii umekuja na wenzake.

Alimpigia mumewe. Simu haikupatikana, chumba cha baridi kina kuta nene. Alimpigia dada.

"Jamani, mdogo wangu! Sasa hivi? Vumilia basi, kaza moyo! Kesho kutwa asubuhi nipo hapo. Nakuombea!"

"Dada, nitamwacha Kijiko na nani?"

"Hapo hakuna mtu jirani?"

Simu ikamponyoka mkononi, maana uchungu ulikuja tena na kumshusha sakafuni. Mlango ulikuwa hatua chache tu, lakini ulionekana kama uko ng'ambo ya mto. Kilichokuwa karibu ni ukuta. Akainua kiganja, akagonga.

Ukuta ukajibu: pu! pu! pu! Hicho kilikuwa kisigino cha Mama Hamira, akiwa kitandani, na maana yake ilijulikana: nyamaza, nimelala.

Mama Kijiko aligonga tena, kwa nguvu. Kisigino kikajibu kwa nguvu zaidi. Kijiko, aliyekatazwa mchezo huo tangu msimu wa joto uanze, alitoka chini ya meza macho yakimeta. Kumbe leo ruhusa! Akaushambulia ukuta kwa kijiko: kwa-kwa-kwa! Pu-pu-pu, ukuta ukajibu. Mama yake alitaka kulia, akashindwa kujua aanzie wapi. Mkono ukamshuka. Kijiko alipoona mama ameacha, naye akaacha. Kukawa kimya.

Kimya kikaendelea.

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Mama Hamira alisimama hapo amejifunga shuka, nywele upande mmoja zimelala na upande mwingine zimeamka.

"Haya! Umenianza, mbona hunimalizi? Nimekaa nasubiri cherehani yako, haiji. Siku zote ukishanitukana unaikanyaga kama unanikanyaga mimi, leo..." Macho yake yakashuka sakafuni. "Mungu wangu."

"Nilikuwa nakuita," alinong'ona Mama Kijiko.

"Ningejuaje? Tangu lini ukuta huu ukamwita mtu?" Tayari alikuwa amepiga magoti, amempitisha mkono chini ya kwapa, mkono mpana wa kukanda unga, usiotetemeka. "Mimi hulala na cherehani yako siku hizi, mwanamke wewe. Ikinyamaza nashtuka kama nimesahau mkate tanurini. Pumua. Pumua, usinitumbulie macho."

Akachukua simu, akampigia dereva wa gari la mikate. Dereva alikuwa mtaa wa pili akikusanya trei, akafika upesi, akachungulia, akajikuna kichwa.

"Mama Hamira, sijawahi kusafirisha mkate wa namna hii."

"Basi uendeshe kama ni keki. Ukiugonga ukingo wowote, mimi na wewe!"

Wakaanza kumtoa nje. Mama Kijiko akaushika mwimo wa mlango, akagoma. Hapo ndipo lilipokuwa fundo lake la wiki zote. Nyuma yake Kijiko alisimama ameinua silaha yake, karibu kupasua anga kwa kilio. Na mbele yake alisimama mwanamke aliyemwambia asubuhi ya juzi kwamba amelea chura, si mtoto.

"Hakai na mtu," alisema. "Atakupiga."

"Mwache anipige. Mimi na yeye tuna kesi ya siku nyingi." Mama Hamira alichuchumaa mbele ya mtoto. Kijiko kikashuka, kikampata kwenye paji la uso. Hakupepesa. Alikikagua kijiko kile kwa makini kama mnunuzi. "Mh. Hiki bado kidogo. Kina miaka mingapi? Mama yake ninaye kwangu."

Kilio kikakwama njiani. "Mama yake nani?"

"Mama yake kijiko. Mrefu hivi, wa mti. Anaitwa Mwiko. Kutwa analia kwamba mwanawe hamtembelei."

Kijiko alikitazama kijiko chake. Akamtazama mama yake. Kisha akaunyoosha mkono mdogo, wenye jasho na chaki ya fundi, akaushika mkono wa Mama Hamira.

Mama Kijiko akauachia mwimo.

Lakini wasiwasi ni kupe, hauachii kwa siku moja. Hata wodini alikuwa akiuliza: je, tanuri lipo karibu? Je, amekula? Je, nimesema kwamba hanywi maji ya kikombe cha bluu? Mkunga alimwambia, "Mama, mpe nafasi huyu azaliwe kwanza, wa nyumbani utamlea baadaye." Akazaliwa, mvulana, mwenye sauti ya kushinda cherehani. Baba yake alifika akiwa bado na barafu kwenye nyusi, na jambo la kwanza aliloulizwa halikuwa salamu.

"Kijiko?"

"Nimepitia huko tanurini. Amelala juu ya magunia ya unga, mweupe kama mzimu. Nilipotaka kumbeba alinipiga kwa mwiko."

Walipomrudisha mama nyumbani na kitoto chake, alikuta Kijiko amekaa kwenye kizingiti amekishika kijiko kwa mikono miwili, anakilinda kisilie. "Mama, shii!" alinong'ona, kidole mdomoni. "Mama Hamira amelala." Mama Kijiko alisimama uani na mtoto kifuani, akashindwa acheke au alie, akafanya yote.

Siku zilizofuata, nyumba ile haikuwahi kuwa tupu. Wale wanawake wa kufua walibeba nepi bila kuombwa, huku wakisimulia habari ya ukuta kila mmoja kwa nyongeza zake, mpaka ikaonekana kwamba Mama Hamira alipita katikati ya matofali. Mmoja wao aliyejua kushika sindano alimaliza vifungo vya sare. Fundi friji, kwa mshangao wa wote, aliitengeneza friji ya nyumbani. Viatu vikahamia chini ya kitanda.

Mchana mmoja, wakati supu ilikuwa mezani na mkate wa Mama Hamira bado unatoa mvuke, mlango ukabishwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama Hamira alifungua, unga hadi kwenye viwiko. Nje alisimama mwanamke mwenye jasho, begi kila mkono na begi jingine kichwani.

"Karibu, mwenzangu. Unamtafuta nani?"

"Namtafuta nani tena! Mimi ni dada yake! Nimekuja kumsaidia mdogo wangu!"

Vijiko vyote vikasimama angani, isipokuwa kimoja kilichokuwa kinagonga bakuli. Mama Hamira alimtazama mgeni kuanzia begi la kichwani hadi viatuni.

"Aaa," akasema. "Ndiye wewe. Dada wa kwenye simu."

Wanawake wakaangalia supu zao kwa bidii. Dada mkubwa akachungulia ndani: nepi zimeanikwa, sakafu imepigwa deki, sare zimekunjwa, mtoto mchanga yupo mapajani mwa mfuaji, na Kijiko, yule asiyekaa na mtu, ameegemea goti la mwanamke wa unga. Mabegi yakaanza kumshuka yenyewe. Alionekana kama mtu aliyefika na ndoo baada ya moto kuzimwa.

"Sasa mimi," alisema kwa sauti ndogo, "nifanye nini?"

Mama Kijiko alimtazama dada yake. Maneno aliyokuwa amemwekea yalikuwa mengi, ameyakunja vizuri kama sare zile. Lakini alimwona alivyochoka, vumbi la safari kwenye kope, na akakumbuka zile sauti zilizokuwa zikimtuliza kwa muda wa shati moja. Akasogea kwenye benchi, akapiga mahali patupu kwa kiganja, palepale kati yake na Mama Hamira.

"Weka mabegi, dada, ingia ule. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ikifika hainyimwi bakuli."