Vibao vya Harusi vya Isunga

Hapo zamani, kabla lami haijafika Isunga, kona ya kuingilia mji ilijaa vibao vya harusi. Kila mwenye sherehe alichomeka chake: jina la bibi harusi, jina la bwana harusi, na mshale wa kuwaelekeza wageni. Kanuni ya mji ilisema kibao cha muda king'olewe na mwenyewe baada ya wiki moja. Vya mnada viling'olewa. Vya misiba viling'olewa. Vya harusi, thubutu! Watu wa Isunga waliamini kwamba anayeng'oa kibao cha harusi ameing'oa na ndoa yenyewe. Basi vikabaki, mishale kulia, mishale kushoto, na wengine walioandikwa pale walikuwa wameshapeleka watoto shule.

Bi Nyanzala alikuwa na binti mmoja, Wande, aliyeposwa na kijana wa mbali. Furaha yake ilikuwa na mwiba. Msimu uliopita msafara wa bwana harusi wa jirani ulifuata mishale ya zamani, ukazunguka mpaka jua likazama. Wakwe wakaona wamedharauliwa, wakageuza gari, na harusi ikavunjika. Nyanzala akawaza, "Na wangu wakipotea?"

Akamwendea Mzee Kasanda, mjumbe wa baraza. Kasanda akasimama mbele ya watu: "Kanuni ibadilishwe. Kila kibao kiandikwe tarehe. Wiki ikipita, yeyote atakayekiona aking'oe."

Baraza likachafuka. "Mzee, mkeo amekuchosha, sasa unataka kuvunja na ndoa zetu?" Wakacheka, wakazomea. Kasanda hakuketi. Aliketi kanuni ilipopita, na tangu siku hiyo wenzake wa bao wakamnyima nafasi.

Kanuni ikapita, vibao vikabaki. Nani aanze?

Akaanza Milembe, mke kijana ambaye hakuwa amejaliwa mtoto, na ambaye mji mzima ulisubiri aachwe. Alitoka mchana kweupe, jembe begani, akachimbua kibao chake mwenyewe. Mama mkwe wake akaja mbio.

"Wee Milembe! Unang'oa ndoa ya mwanangu?"

"Mama, ndoa yangu iko nyumbani, inasubiri ugali. Hapa kuna ubao tu."

Watu wakangoja aachwe. Mumewe akala ugali, akasifu mboga. Hapo wengine nao wakaja na majembe, na kona ikawa wazi.

Kikabaki kimoja, cha Mzee Mihayo, mrina asali, aliyekuwa porini kwenye mizinga yake tangu kabla ya kanuni mpya. Nacho kilisimama kabla kidogo ya kufika kona, ambako wenye majembe hawakufika, cha kwanza kuonekana na mgeni. Siku ya harusi ya Wande, Mihayo ametua mzigo tu, uani kwake wakaingia watu wamependeza, wanapiga vigelegele. Hakuwajua, lakini walipomtaja Nyanzala alielewa kuwa kibao chake kimewapoteza. Angeweza kuwaelekeza kwa kidole. Hakufanya hivyo. Akawapa maji na asali, akawatangulia, akapitia kung'oa kibao chake, akakibeba begani mpaka kwa Nyanzala. Wali ulikuwa bado wa moto.

Ndoa ikafungwa. Baba wa bwana harusi akamkabidhi Nyanzala kamba. "Mkwe, huyu ni mbuzi wa njia. Kwetu hupewa aliyetufungulia."

Watatu wakasogea.

Kasanda akasema, "Bila kanuni yangu, anayeng'oa angeitwa mchawi."

"Shikamoo, mzee," akajibu Milembe. "Lakini kanuni yako ilikaa mdomoni. Iliyoshika jembe ni mikono hii."

"Mlifagia njia, sawa," akasema Mihayo. "Wageni walifikishwa na nani?"

"Na walipotezwa na kibao cha nani?" Milembe akadakia, watu wakaangua kicheko.

"Cha kwangu!" Mihayo akacheka naye. "Ningewaonyesha kidole tu, wangekuwa wanazunguka hadi sasa."

Shangazi mmoja, sahani ya pili mkononi, akapaza sauti: "Mchinjeni, mgawane!"

"Ana mimba huyu," akasema Nyanzala. "Hachinjwi."

Akawatazama. Mmoja alisema huku akizomewa. Mmoja alithubutu huku watu wakingoja aangamie. Mmoja alikosea, akalitengeneza kosa kwa miguu yake mwenyewe. Ndani, Wande alikuwa akicheka na mumewe, na Nyanzala alijua hakuna hata mmoja kati ya hao watatu ambaye angeweza kukosekana.

Haya, nyinyi mlioketi hapa, mmewasikia wote. Kamba ni moja. Je, nani alistahili kuishika?