Pimbi, Gome Chungu na Kicheko cha Fisi

Natupa!

— Tupa, tudake!

Natupa, ni nzito!

— Tupa, tuna mikono!

Haya. Na wewe uliyejiegemeza mlangoni, kaa vizuri. Hadithi yangu ina wimbo na sitaki mtu wa kusinzia. Nikiimba "Tetema, mwili, tetema," nyinyi mnajibu "Kesho nitameza tena!" Tujaribu. Tetema, mwili, tetema!

— Kesho nitameza tena!

Mnaimba kama mmelazimishwa. Si kitu, mtachangamka tukifika mbele.

Palikuwa na Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, hana mkia, anaishi kwenye mawe, ukimwona kwa mbali utasema panya aliyenenepa. Kwao kulikuwa na mlima wa mawe matupu, na chini ya mlima kulikuwa na majani mabichi. Pimbi wa mlima ule walikuwa na desturi yao: anayekula haangalii, na anayeangalia hali. Wote wanashuka majanini, wanainamisha vichwa, wanatafuna, cham-cham-cham, na mmoja tu anakaa kileleni kutazama. Akiona hatari anapiga mluzi, fwiii! Hapo hakuna kuuliza nani wala wapi. Kila mmoja anaingia kwenye ufa wa jiwe, chwa! chwa! chwa!

Kazi ya kileleni ilikuwa ya ukoo mmoja, na katika ukoo huo alikuwa amebaki Pimbi wetu peke yake. Alikuwa fundi, jamani. Mluzi wake ulimfanya hata Fisi azibe masikio.

Sasa, msimu mmoja Pimbi akaingiwa na uzito. Si homa, si njaa. Uzito. Siku hizi mnauita sonona. Jua likatoka, yeye hakutoka. Majani yakachipua, yeye hakula. Usiku hakulala, mchana hakuamka. Shangazi yake akaja, akasimama mbele ya ufa, mkono kiunoni.

"Mwanangu, si ujikaze tu?"

"Nimejikaza, Shangazi."

"Basi jikaze tena."

Akajikaza tena, akapanda kileleni, akakaa. Na asubuhi hiyohiyo Fisi akaja. Pimbi akamwona. Akayaona masikio, akauona mgongo ulioinama, akaona anavyowanyatia watoto. Mate alikuwa nayo mdomoni, pumzi alikuwa nayo kifuani. Hakupiga mluzi. Aliona ni sawa tu, yote sawa tu. Mtoto wa Shangazi akaponea chupuchupu, akatoka pale sikio limechanika, damu inamtiririka.

Jioni Pimbi akalia sana. "Nilimwona," akasema, "nilimwona na sikujali. Huyu si mimi." Jambo hilo likamtisha kuliko Fisi mwenyewe. Akaondoka anaburuta miguu mpaka kwa Bi Nungunungu, mganga wa mizizi na magome.

Bi Nungunungu hakumwambia ajikaze. Alimuuliza habari za usingizi, akamuuliza habari za chakula, akamuuliza waziwazi kama anatamani kufa. Pimbi akajibu yote. Kisha bibi yule akampa kikapu cha magome mekundu, machungu ajabu.

"Kipande kimoja kila asubuhi, mwanangu. Kimoja! Na unisikilize. Maudhi yatatangulia, nafuu itachelewa. Utasikia kichefuchefu, utatetemeka, utapiga miayo, mdomo utakauka. Ni maudhi madogo madogo, na mengi huondoka yenyewe mwili ukizoea."

Madogo! Kamuulize anayetapika.

"Na yakinishinda, bibi?"

"Unakuja hapa. Usiache kwa kujiamulia. Na uzito ukizidi, au ukianza kuwaza kujirusha kutoka huko kileleni, usingoje kukuche. Njoo uniamshe."

Asubuhi ya kwanza Pimbi akameza gome kabla hajala kitu. Lo! Tumbo likageuka, guru-guru-guru. Akanyanyuka kwa haraka, akaiona milima miwili badala ya mmoja, akakaa chini pu! Akangoja. Akanyanyuka tena polepole, mkono ukiwa ukutani, akapanda kileleni huku magoti yanagongana, ka-ka-ka-ka.

Fisi akatokea. Pimbi akapiga mluzi, fwiii! Wote chwa! chwa! chwa! Fisi akabaki peke yake majanini. Badala ya kuondoka akaketi, akainua pua.

"Shemeji," akaita, "mbona unatetemeka?"

"Shemeji? Umeoa kwetu lini?"

"Aa, ni mapenzi tu. Nimesikia unatumia dawa, nikasema nije nikupe pole. Lakini jitazame! Ulikuwa mgonjwa wa moyo. Sasa u mgonjwa wa moyo, na wa tumbo, na wa miguu. Faida iko wapi?"

Maneno hayo yalimchoma Pimbi, kwa sababu faida kweli alikuwa hajaiona.

"Sijaiona bado," akasema.

"Basi itupe!"

Pimbi akafikiri. Akapiga mwayo mkubwa, haaaaw, akajifuta jasho. Kisha akaimba. Haya, kazi yenu hiyo. Tetema, mwili, tetema!

— Kesho nitameza tena!

Kesho yake akala kiazi kwanza, ndipo akameza. Tumbo likanung'unika lakini halikugeuka. Ee, mjanja yule! Akaamka polepole, akaona mlima mmoja tu. Lakini usiku hakuwa amelala vizuri, na mdomo ulikuwa mkavu, ulimi umeganda juu. Fisi alipotokea, Pimbi akapuliza, na mluzi ukatoka mwembamba, fwi... Waliokuwa karibu wakasikia, wakawashtua waliokuwa mbali, na wote wakawahi. Lakini Fisi alisikia pia. Akasimamisha masikio.

"Shemeji! Sauti imekwenda wapi?"

"Mdomo umekauka."

"Unaona? Ni hiyo dawa! Mlinzi gani hana mluzi? Utawaua watoto wa watu kwa ubishi wako. Itupe leo, kesho mate yatarudi."

Msimwone mjinga Fisi. Alikuwa anasema jambo ambalo Pimbi mwenyewe alilifikiria alfajiri. Pimbi akachukua kikapu, akakipeleka ukingoni mwa jiwe, akanyoosha mkono. Kikapu kikaning'inia. Chini Fisi amekaa, ulimi nje, anangoja kwa adabu kabisa.

Pimbi akawaza: mate yatarudi, sawa. Mbona siku ile mate nilikuwa nayo, tele, na sikupiga mluzi? Akawaza hivyo, na hasira zikampanda. Akamkasirikia Fisi, akalikasirikia gome, akaukasirikia mwili wake unaocheza ngoma bila kuombwa. Akarudisha kikapu kifuani.

"Nenda kwenu," akamwambia Fisi. Tetema, mwili, tetema!

— Kesho nitameza tena!

Hapo sawa. Mmeanza kuimba.

Mchana ule akaenda kwa Bi Nungunungu, hakujiamulia. Akaeleza yote, hata lile la kikapu ukingoni.

"Tunaweza kupunguza," bibi akasema. "Wengi hupunguziwa mwanzoni. Unataka?"

"Ingekuwa tumbo ningekubali. Tumbo limeanza kunyamaza. Shida yangu mdomo."

"Basi kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa, usingoje kiu. Na chukua ukwaju huu uumung'unye. Uchachu unaita mate. Lakini mluzi sikuahidi kwa kesho, mwanangu. Mwili una mwendo wake."

Pimbi akamwambia Shangazi: "Mluzi wangu mbovu siku hizi. Kaeni karibu na mawe." Shangazi akasema sawa, tutakaa karibu. Na kweli walikaa karibu. Lakini majani ya karibu yakaisha, si mnajua tumbo halina subira, na asubuhi moja wakajikuta wamesogea, wakasogea, mpaka mbali kabisa, vichwa chini, cham-cham-cham, na watoto ndio wako mbele.

Na asubuhi hiyo ndiyo Fisi akaja.

Hakuja kwa kunyata. Alikuja anatembea tu, maana alishajua mluzi ni mbovu. Njia yake ilipita chini ya kilele. Pimbi akamwona. Akatoa ukwaju mdomoni, akapuliza: fyuu. Upepo mtupu. Akanywa maji, akapuliza: fyuu. Akajaribu kupiga kelele, ikatoka sauti ya kukwaruza ambayo ingemfikia Fisi pale chini lakini majanini haifiki. Kukimbia? Angekimbia hatua chache, kizunguzungu kimwangushe. Watoto wanatafuna. Fisi anatembea. 

Akajiambia: sauti sina. Lakini yuko mwenye sauti kubwa kuliko wote, na anapita hapa chini.

"Shemeji!" akaita.

Fisi akasimama. "Leo umekubali ushemeji?"

"Nimekubali. Unaenda kula, siwezi kukuzuia. Lakini ulinionya, nikabisha. Angalau uone dawa ilivyonitenda, ukawasimulie wenzako."

Fisi, mlafi wa nyama, ni mlafi wa umbea pia. Akaketi. "Haya, onyesha upesi."

Pimbi akasimama kwa miguu ya nyuma. Kila siku alikuwa akijikaza asitetemeke. Leo akauachia mwili. Magoti, ka-ka-ka-ka! Mikono, ta-ta-ta-ta! Fisi akafinya midomo. Anajua kabisa kwamba hatakiwi kutoa sauti.

"Mimi ndiye mlinzi wa mlima," Pimbi akasema kwa heshima kubwa, halafu mwayo ukamkamata katikati ya maneno, "mlinzi wa mliiiaaaaw."

"Mmh," akasema Fisi. Mashavu yamevimba.

"Adui akija, namtisha hivi." Akakunja ngumi, ngumi ikatetemeka, ikampiga pua yake mwenyewe, pa!

"Mmmh! Mmmh!" Fisi akaziba mdomo kwa miguu yote miwili ya mbele. Machozi yanamtoka.

"Na akikaribia zaidi," Pimbi akasema, "napiga mluzi wa kuogofya." Akavuta pumzi, akavimba mpaka akawa duara, akatoa macho, akapuliza kwa nguvu zake zote. Fyu. Na nyuma, kutokana na lile tumbo lisilotulia, ikatoka sauti nyingine ndogo, kali, yenye mluzi safi kabisa: fwiii.

Fisi akashindwa.

"Kwaaa-ha-ha-ha-hiii! Hii-hii-hiii! Kwaaa-ha-ha-ha!"

Mlima ukatikisika. Kicheko cha fisi nani asiyekijua? Kule majanini vichwa vyote vikainuka kwa mara moja. Shangazi akamnyakua mwenye sikio lililochanika. Chwa! Watoto, chwa! chwa! Wazee, chwa! Pimbi naye akateleza kwenye ufa wake, taratibu, mkono ukutani, maana hakutaka kuona milima miwili.

Fisi akanyamaza. Akageuka. Majani tu.

"Umenichekesha makusudi!" akanguruma kwenye ufa.

"Mimi? Mimi naumwa, shemeji."

Fisi akangoja pale kwa hasira. Lakini kila akikumbuka ile sauti ya nyuma kicheko kinamponyoka, kwa-ha, na walio ndani wanajua bado yupo. Mwishowe akaenda zake na njaa yake.

Jioni Shangazi akaja mbele ya ufa. Mkono safari hii hakuuweka kiunoni. "Mwanangu," akasema, "kesho usiamke na njaa. Nitakuletea kiazi." Pimbi akalia tena, lakini kilio cha siku ile kilimpumzisha. Tetema, mwili, tetema!

— KESHO NITAMEZA TENA!

Naam! Na akameza. Akameza siku za kutapika na siku za kutotapika. Kutetemeka kukapungua bila kuaga. Usingizi ukarudi vipande vipande. Mdomo ulichelewa kuliko vyote, ukwaju ukaisha, akaomba mwingine. Halafu asubuhi moja akajikuta amejinyoosha juani, na hakumbuki ni nani aliyemwambia atoke. Akatazama chini, akaona masikio ya Fisi kwenye vichaka. Akaogopa. Akaogopa vibaya sana, mwili mzima, na palepale akafurahi mpaka akataka kucheka, kwa sababu alikuwa anajali. Akapuliza.

Fwiiiiii!

Hadithi yangu mmeidaka. Sasa funzo. Funzo ni hili: mkimwona mgonjwa anatetemeka kwa dawa, mcheke. Mcheke sana, tena kwa sauti. Fisi alicheka na watoto wote wakapona, kwa hiyo kumcheka mgonjwa ni jambo jema lenye faida kwa jamii. Anayebisha alete fisi wake.

Nimetupa, mikono yangu mitupu. Aliyeangusha akaokote mwenyewe.

Sasa nipeni maji nimeze kidonge changu. Ndiyo, hiki hapa. Mikono hii mmeitazama tangu mlipoingia, msijifanye. Haya, nani anaanza kucheka?