Chatu Aliyefunga Kula Mlangoni kwa Pimbi

Hamjambo nyote? Kaeni, nyamazeni, anayetafuna ameze kwanza. Nikisema "Paukwa," nijibuni "Pakawa, na mlango tumefunga."

Paukwa!

Pakawa, na mlango tumefunga.

Haya. Hapo kale alikuwako Pimbi mmoja, jina lake Nyamizi, na watoto wake watatu. Nyumba yao ilikuwa ufa kwenye jiwe, mlango mmoja tu, mwembamba. Kiangazi kimoja wakasikia nje: shwaa, shwaa, shwaa. Chatu huyo. Akasukuma kichwa mlangoni, hakikuingia. Alikuwa amenenepa mno.

Nyamizi alidhani ataondoka. Hakuondoka. Akajikunja pale pale, akasema kwa upole kabisa, "Mpwa wangu, usihangaike. Sili kitu tena mpaka nikonde. Nikikonda, nitaingia."

Akafunga kula kweli. Kila asubuhi anajipima: shwaa. Siku ya tatu ikaingia pua. Siku ya tano yakaingia macho. Siku ya saba kikaingia kichwa kizima, ulimi ukamgusa kitindamimba mguuni. Mtoto hakulia. Alijikojolea tu. Nyamizi akawavuta wote mpaka mwisho wa ufa, mgongo ukagota kwenye jiwe.

"Bado kidogo, mpwa," Chatu akasema, akarudi nyuma. "Kesho."

Nyamizi akatazama juu. Walikuwa na matenga matatu ya kambale wa kukaushwa, chakula chao cha kiangazi chote. Akashusha tenga moja, akabandika chungu. Harufu ikatoka nje. Akamwambia Chatu kwamba kwao chungu hakiepuliwi mpaka mkubwa aonje chumvi, na hapa mkubwa ni yeye.

"Nimefunga, mpwa."

"Kuonja si kula, mjomba. Hata mpishi aliyefunga huonja, akatema."

Chatu akafikiri. "Hilo kweli," akasema.

Sasa, chatu hana meno ya kutafuna, wala kutema hajui. Akionja, ameonja kambale mzima. Gubu! Akaulizwa chumvi ikoje. Akasema hakuisikia vizuri, aletewe mwingine. Gubu! Na mwingine. Gubu! Njaa ya siku saba ilimkondesha mwili, lakini ilimnenepesha jicho. Na tumbo nalo lilidhani njaa kuu imeingia nchini, basi kila kilichofika likakishika, halikuachia. Tenga zima likaisha kwa kuonjwa.

Asubuhi akajipima. Shwaa. Hata pua haikuingia.

"Jiwe limenywea," akasema.

Akaanza upya. Safari hii njaa ilimuuma mapema. Siku ya nne tu akauliza mwenyewe kama leo hakuna chumvi ya kuonja. Tenga la pili likaenda. Akawa mnene kuliko siku aliyokuja. Akalilaumu jiwe, akaanza upya.

Likabaki tenga moja. Nyamizi alijua likiisha hilo, safari nyingine hatakuwa na cha kumwonjesha isipokuwa wanawe. Akapika kambale wote kwa mara moja. Chatu akawaonja wote, akaonja mchuzi, akaonja na tenga lenyewe. Akajilaza mlangoni kama gunia, juu ya mgongo wake pakabaki nafasi ya kupita pimbi mmoja mmoja.

Amelala? Nyoka hana kope, hujui. Jicho liko wazi vile vile.

Nyamizi akambeba kitindamimba, akapanda. Wale wawili wakafuata. Taratibu. Chini ya miguu yao tumbo linanguruma. Walipofika katikati, sauti ikatoka.

"Mpwa wangu."

Wakaganda.

"Leo ndiyo chumvi imekolea."

Chatu akajaribu kugeuza shingo amwone anayemwambia. Haikugeuka. Nyamizi akajibu kwa heshima, "Asante, mjomba," wakashuka upande wa pili, wakakimbia mpaka mawe ya mbali, wala hawakutazama nyuma.

Chatu akabaki kulinda ufa mtupu. Wapitao wakimwuliza, huwaambia amefunga.

Basi funzo la ngano hii ni hili: ukiazimia kukonda, utakonda. Usipokonda, kosa ni la jiwe.

Ngano yangu imefika. Ikiwa tamu, tumeila wote; ikiwa mbaya, nimeitema mimi. Nakwenda zangu kabla giza halijanikuta peke yangu njiani. Nitarudi.