Fisi na Habari za Pumzi Moja

Hamna haya nyie. Simu mnazo, zinaongea kutwa kucha, halafu mnakuja kumsumbua kikongwe na hadithi wakati mgongo unamuuma. Haya, zilazeni kifudifudi hapo mkekani. Wewe pia, Shekue, nimekuona. Na atakayenikatiza hatajua ilivyoisha.

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana wanyama walikuwa wameshavuta umeme, porini palikuwa na televisheni ya wote. Haikuwa ya tajiri. Kila nyumba ilitoa kidogo, huyu majani, huyu asali, na watangazaji wakala hapo. Mkuu wao alikuwa Mzee Tembo. Mkimbizaji wa habari alikuwa Nguchiro, kamnyama kadogo kama mkono wangu, kamera shingoni, hakatulii.

Nguchiro hakutangaza jambo mpaka aende akalione kwa macho yake.

Tatizo lilikuwa Tembo. Akikaa mbele ya kamera, anaanza: "Nausalimu ukoo wa twiga, nausalimu ukoo wa nyumbu, nawasalimu na wakwe zao..." Habari ikifika, watoto wanakoroma, na wakubwa wameinamia simu wakimtazama Fisi.

Fisi naye hakuwa na miguu ya kazi. Alikaa kibarazani anatafuna, chakata-chakata, akiisubiri televisheni itoe habari. Ikitoka tu, anakata kipande cha mwanzo, kirefu cha pumzi moja tu, anafuta alama ya televisheni, anapachika sauti yake, "Motoooo!" na kuirusha kwenye ukurasa wake. Hata kutazama hatazami. Pori zima lilimfuata, na kila aliyemfuata alimpelekea kifurushi cha chakula. Ghala lake lilijaa hata mlango ukawa haufungi.

Sasa sikieni ubaya wake. Siku moja Nguchiro alitangaza: "Daraja la mtoni lilifunguliwa jana, na wengi wakavuka salama. Lakini leo alfajiri nguzo imezama. Msipite!" Fisi akakata pumzi yake moja. Kilichofika kwenye simu ni sura ya Nguchiro, na: "Daraja la mtoni lilifunguliwa jana, na wengi wakavuka salama. Motoooo!"

Mama Ngiri akajitwika kapu lake la sokoni, akapita. Krraa! Chubwi! Walimtoa mtoni mguu umevunjika.

Lawama zikamwangukia nani?

"Wewe!" Mama Ngiri alimfokea Nguchiro alipokwenda kumjulia hali. "Sura yako nimeiona kwa macho yangu haya. Toka! Usikanyage kwangu tena, mwongo we!"

Na Simba, mtawala wao, akaunguruma: "Televisheni yenu hakuna anayeitazama, na mkitazamwa mnavunja watu miguu. Mwezi ukiandama, mnara wenu wa kurushia matangazo nampa Fisi."

Nguchiro hakulia. Alisaga meno, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Kuaga nini? Nimekuja tubadili kazi. Watu wako kwenye simu, basi nasi tuwafuate huko huko. Habari fupi, na jambo zito litangulie."

"Na salamu zangu je?"

"Mwisho, Mzee."

"Mwisho! Twiga wataninunia!"

"Wanune wakiwa hai. Mama Ngiri nusura asiwepo wa kununa."

Tembo akapiga mkonga chini, puu! "Na Fisi? Tukirusha fupi, ataiba fupi."

"Fisi niachie mimi. Nitamwekea mbele habari ya kweli, sitaongeza neno, sitapunguza neno. Atajikata mwenyewe."

Kesho yake Nguchiro huyo, mpaka kibarazani kwa Fisi.

"Hodi kwa mkuu wa mnara!"

Fisi akavimba. "Karibu, kadudu. Umekuja kuomba kazi?"

"Nimekuja kukuhoji. Ukipewa mnara, wafuasi wako watapata nini? Jibu kwa kirefu, Bwana Fisi, watu wanaipenda sauti yako."

Fisi akakohoa, akageuza upande wenye meno mazuri. "Waje nyumbani kwangu wote! Ghala liko wazi! Mla nyama apate nyama, mla majani apate majani, wale, washibe, wabebe na mengine!" Akavuta pumzi. "Hiyo ni siku nitakayokabidhiwa mnara. Kabla ya hapo sitoi hata unyoya."

"Asante. Nairusha yote kama ulivyosema. Nakusihi, itazame mpaka mwisho kabla hujaichukua."

"Kutazama ni kazi yenu," Fisi akacheka, hi hi hiii. "Mimi nachukua."

Nguchiro akairusha nzima, neno kwa neno. Fisi akaona sura yake kwenye simu. "Ala! Nimependeza!" Akakata palepale anapokata siku zote, kwacha! "Motoooo!" Akairusha, akalala usingizi mnono.

Asubuhi ardhi ikatetema, gidi gidi gidi! Fisi akachungulia. Lo! Nyumbu na ndoo, nyani na magunia, twiga na makapu shingoni, na mbele yao Simba, tumbo limeshikana na mgongo.

"Mnataka nini?"

"Mwaliko! Umesema ghala liko wazi!"

"Sikusema hivyo! Nilisema siku ya mnara! Maneno yangu yamekatwa!"

"Yamekatwa na nani?" aliuliza Nguchiro kutoka juu ya kichuguu. "Ya kwetu hii hapa, nzima, anayetaka na aitazame. Iliyokatwa ina motoooo ndani yake. Nani humu porini anasema motoooo?"

Fisi akarudi kinyumenyume. "Mimi, lakini... mimi nakata zote! Zote nazikata hivyohivyo! Mbona leo ndiyo mnanijia juu?"



Kisha ko, ko, ko, fimbo ya Mama Ngiri ikapasua umati. "Zote, Fisi? Hata ile ya daraja?"

Fisi akatazama kucha zake. Nguchiro akaifungua habari ya daraja, nzima, na Mama Ngiri akaisikiliza mpaka pale panaposema "Msipite!"

"Kumbe uliniambia, mwanangu."

"Nilikuambia, Mama."

Simba akatamka kwamba mnara ni wa wote na utabaki wa wote, kisha akawa wa kwanza kuingia ghalani. Tembo akafika anahema, akainua mkonga: "Nausalimu ukoo wa..." Pori zima likaitikia, "Mwisho, Mzee!"

Basi nanyi, habari msiyoitazama mpaka mwisho, msimpe mwenzenu.

Na Fisi alilipa. Ghala lilifagiliwa, ukurasa wake ukafungwa, na kila siku ya gulio ilimbidi ambebe Mama Ngiri mgongoni, na kapu lake juu, avuke naye majini kwenda na kurudi, huku akiisema habari ya daraja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akiruka neno, anaanza upya. Mguu wa Mama Ngiri ulipona mapema tu, ila hakumwambia mtu, na uzito wake mnaujua. Mtazameni Fisi mpaka leo, mgongo ulivyomporomoka nyuma.